Binti Anapotaka Kusoma Uchumi na Sera za Jamii

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, nyumba nyingi huingia katika kikao. Baba huvaa miwani, mama huacha jiko, mjomba hupigiwa simu, na wote hukaa kumshauri kijana achague masomo gani chuo kikuu. Akisema udaktari, kikao kinafurahi. Akisema ualimu au uuguzi, kinaelewa. Akisema sheria, mjomba anaanza kumwita wakili siku hiyo hiyo. Lakini binti akisema, "Nataka kusoma uchumi na sera za jamii," watu hutazamana. Mmoja atauliza, "Ukimaliza utaitwa nani?" Mwingine atasema kwamba hesabu za uchumi ni za wavulana. Na yule atakayetoa ada atanyamaza, akipiga hesabu zake moyoni.

Maswali hayo hatuyadharau. Nyumba yenye watoto wanne na shamba moja haiwezi kubahatisha. Fedha ikienda kwa mmoja, mwingine atasubiri, na huenda akasubiri maisha yake yote. Kwa sababu hiyo tumeona vema katika toleo hili tueleze masomo haya ni ya namna gani, yana faida gani, na mzazi afanye nini kabla ya kusema ndiyo au hapana. Sisi tunaamini kwamba mabinti wetu wanahitajika sana katika masomo haya. Panapogawanywa mali ya wengi, lazima awepo mtu aliyefundishwa kuuliza ni nani amesahauliwa. Mara nyingi aliyesahauliwa ni mama na watoto wake.

MASOMO HAYA NI YA NINI?

Mama anayepanga fedha zake za wiki anafanya uchumi, ingawa hajaliita hivyo. Ana fedha kidogo na mahitaji mengi: unga, mkaa, sabuni, nauli za watoto, dawa za bibi. Akiongeza hapa, lazima apunguze pale. Wanauchumi wameandika vitabu vinene juu ya jambo hilo hilo. Hata jina la somo katika lugha nyingi za Ulaya limetoka kwa Wayunani wa kale, ambao waliunganisha neno la nyumba na neno la utaratibu. Kwao maana yake ilikuwa kuitunza nyumba na kuiongoza vizuri. Ndipo baadaye neno hilo likapanuka hadi kufika kwenye nchi nzima, kodi zake, biashara yake na madeni yake.

Sera za jamii ni ndugu wa uchumi. Katika somo hili mwanafunzi huuliza: Jamii imekubaliana kufanya nini kwa ajili ya mtoto, mgonjwa, mjane, mzee na asiye na kazi? Nani alipe? Nani apewe? Apewe kwa njia gani ili asiaibishwe, na fedha isipotelee njiani? Shule, zahanati, maji, pensheni, bima ya afya na makazi, vyote vimo humo.

Kwa nini yasomwe pamoja? Anayejua kuhesabu peke yake aweza kuokoa fedha akampoteza mtu. Na anayejua kuhurumia peke yake aweza kuahidi chakula cha mwaka mzima, kikaisha mwezi wa pili. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Huruma nayo inahitaji daftari.

MAANDIKO YANATUONYESHA

Wako Wakristo wanaodhani kuwa uchumi ni jambo la dunia, lisilohusu imani. Tufungue Biblia tuone.

Katika kitabu cha Mwanzo, Yusufu alimshauri Farao atwae sehemu moja kwa tano ya mavuno katika miaka saba ya shibe, aweke akiba kwa ajili ya miaka saba ya njaa. Huo ni mpango wa uchumi wa nchi nzima, nao uliokoa watu. Lakini tukisoma mbele zaidi, sura ya 47, tunaona kwamba watu walipoishiwa fedha walitoa mifugo yao, kisha mashamba yao, mwisho wakawa watumwa wa Farao. Hawakufa njaa, ila walibaki bila ardhi. Mwanafunzi wa sera za jamii akifika hapo ataweka kalamu chini aulize: Je, palikuwa na njia ya kuwalisha bila kuwanyang'anya mashamba?

Sheria ya Musa nayo iliwaagiza wakulima wasivune mpaka pembeni mwa shamba, wala wasirudi kuokota yaliyodondoka. Masazo yalikuwa haki ya maskini na mgeni. Kwa sheria hiyo Ruthu, mjane na mgeni kutoka Moabu, aliweza kumlisha mama mkwe wake Naomi. Hakuwa ombaomba. Alifanya kazi kwa mikono yake katika shamba ambalo sheria ilimfungulia mlango.

Tena tusome Matendo ya Mitume sura ya 6. Kanisa la kwanza lilikuwa likigawa chakula kila siku. Waumini waliosema Kiyunani wakanung'unika kwamba wajane wao walikuwa wakisahauliwa. Mitume hawakuwaambia watu wavumilie tu. Waliitisha mkutano, wakataka wachaguliwe watu saba wenye sifa njema na hekima, wakawakabidhi kazi hiyo. Majina ya wote saba ni ya Kiyunani. Inaelekea basi kwamba usimamizi wa mgao ulipewa watu wa upande uliokuwa umesahauliwa. Tunaomba kila mama alifikirie hilo, maana wajane wenyewe ndio waliojua nani hakupata.

WANAFUNZI HUJIFUNZA NINI CHUONI?

Katika vyuo vikuu vya kwetu Tanzania shahada ya kwanza ya masomo haya kwa kawaida huchukua miaka mitatu. Mwanafunzi huanza na uchumi wa kaya na biashara, yaani kwa nini bei hupanda na kushuka. Husoma uchumi wa taifa zima, yaani kodi, deni, ajira na thamani ya shilingi. Husoma hisabati na takwimu. Upande wa jamii hujifunza jinsi umaskini unavyopimwa, historia ya huduma za jamii, na namna ya kufanya utafiti kwa kuwahoji watu majumbani mwao.

Mifano itatusaidia kuelewa zaidi.

Mwaka 1943 njaa kubwa iliikumba Bengal, katika India iliyotawaliwa na Waingereza. Inakadiriwa kwamba watu wapatao milioni 3 walikufa. Mtoto mmoja aliyeiona njaa ile, Amartya Sen, alikua akawa mwanauchumi, na mwaka 1981 alichapisha kitabu kuhusu umaskini na njaa. Alionyesha kwamba chakula hakikuwa kimepungua kiasi cha kueleza vifo vile vyote. Bei zilipanda kuliko ujira wa vibarua wa mashambani, wavuvi na mafundi wadogo, wakawa hawana cha kununulia. Kwa hiyo anayetaka kuzuia njaa asitazame ghala tu. Atazame pia mfuko wa kibarua. Sen alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1998.

Mfano wa pili ni wa kwetu. Mwaka 2001 Tanzania ilifuta ada katika shule za msingi za serikali. Wanafunzi waliongezeka kutoka kama milioni 4.4 mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 7 mwaka 2005. Mamilioni ya watoto walifunguliwa mlango, na tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini wazazi wanakumbuka madarasa yalivyojaa, watoto wakikaa chini, na mwalimu mmoja akikabili umati. Mwanafunzi wa masomo haya hufundishwa kuyatazama yote mawili: ada iliyofutwa, na gharama zilizobaki kama sare, madaftari, madawati na walimu. Hufundishwa pia kumwuliza mtoto ambaye bado yuko nyumbani amekwama wapi.

Mfano wa tatu unawahusu akina mama moja kwa moja. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza kwamba kijana amalizapo kidato cha sita afanye kazi kwanza, ndipo aende chuo kikuu. Nia ilikuwa njema, kwamba wasomi wasijitenge na wananchi. Sheria ilikuwa moja kwa wote, lakini haikuwaangukia wote sawasawa. Kijana wa kiume alifanya kazi, akarudi kusoma. Msichana katika miaka hiyo mara nyingi aliolewa na kupata mtoto, na mlango ukawa umefungwa. Idadi ya wanawake chuoni ilishuka, na baada ya muda mfupi wasichana waliruhusiwa kuingia moja kwa moja. Hapo tunajifunza kwamba sheria iliyoandikwa bila kumfikiria mwanamke yaweza kumfungia nje hata kama haikumtaja.

FEDHA APEWE NANI?

Hebu tuchukue swali moja tu, tulifuate mpaka mwisho, ili tuone faida ya elimu hii. Serikali ikitaka kuisaidia familia yenye watoto, fedha aikabidhi nani, baba au mama?

Mwishoni mwa karne ya 19 binti mmoja wa Kiingereza, Eleanor Rathbone, alisoma katika Chuo Kikuu cha Oxford. Wakati huo chuo hicho hakikuwapa wanawake shahada hata kama walifaulu. Kilianza kuwapa mwaka 1920. Aliporudi kwao Liverpool, alianza kuchunguza maisha ya vibarua wa bandarini, ambao leo walipata kazi na kesho wakakosa. Yeye na wenzake walikusanya hesabu za matumizi kutoka katika nyumba za vibarua hao: kiasi gani kilikwenda kwenye mkate, kodi ya nyumba na deni dukani. Taarifa ilitolewa mwaka 1909.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, wake wa askari walipewa posho mikononi mwao, kwa kadiri ya idadi ya watoto. Rathbone alifanya kazi ya kuwahudumia wanawake hao, akaona jinsi fedha iliyofika kwa mama ilivyoleta mabadiliko nyumbani. Mwaka 1924 aliandika kitabu akitaka familia zote zipewe posho ya watoto. Aliingia Bungeni mwaka 1929, akaendelea kulisema jambo hilo hilo, mwaka baada ya mwaka.

Mwaka 1945 muswada ulifika Bungeni, lakini uliandikwa kwamba posho ni mali ya baba. Rathbone, akiwa mtu mzima wa miaka zaidi ya 70, aliukataa. Alitaka posho iandikwe kwa jina la mama. Wabunge walikubali, sheria ikabadilishwa. Ikawa shilingi 5 kwa wiki kwa kila mtoto baada ya yule wa kwanza. Rathbone alifariki Januari 1946, na malipo yakaanza Agosti mwaka huo. Kwa muda wa miaka zaidi ya 20 alikuwa ameshikilia neno moja, naye hakuishi kuona mama wa kwanza akipokea fedha yake.

Swali hilo halikuishia Uingereza. Mwaka 1997 nchi ya Mexico ilianzisha mpango wa kuzipa fedha familia maskini, kwa sharti kwamba watoto waende shule na kliniki. Fedha hizo zilitolewa kwa akina mama. Kwetu Tanzania, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulianza mwaka 2000, na tangu mwaka 2012 umekuwa na Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini. Mpango huo nao ulitoa ruzuku, sehemu yake ikiambatana na watoto kwenda kliniki na shuleni, na wapokeaji wengi ni wanawake. Mama wa kijijini anayepokea fedha hiyo hajamsikia Rathbone. Hata hivyo ipo siku mtu fulani alikaa mezani na karatasi, akauliza, "Jina la nani liandikwe hapa?" Binti yako akisoma masomo haya, aweza kuwa ndiye anayekaa kwenye meza hiyo.

KAZI YA MAMA KATIKA HESABU ZA TAIFA

Liko jambo lingine ambalo wanawake waliosoma uchumi wameliona mapema. Nchi hupima utajiri wake kwa kujumlisha vitu na huduma zinazozalishwa kwa mwaka. Mwanamke akipika hotelini kwa mshahara, kazi yake imo katika hesabu. Akirudi nyumbani akawapikia watoto wake chakula kile kile, kazi hiyo haimo.

Katika miaka ya 1940 mwanauchumi kijana wa Kiingereza, Phyllis Deane, alipewa kazi ya kujaribu hesabu hizi katika Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, nchi ambazo leo tunaziita Zambia na Malawi. Aliowafanyia kazi, Richard Stone na James Meade, walikuwa wataalamu wakubwa ambao baadaye walipata Tuzo ya Nobel. Deane alifika vijijini akaona wanawake wakibeba kuni, wakitwanga na kupika. Akatoa hoja kwamba ukiziacha kazi hizo nje, umeiacha nje sehemu kubwa ya uchumi wa watu hao. Hoja yake haikushinda. Umoja wa Mataifa ulipotoa utaratibu wa hesabu za mataifa mwaka 1953, kazi za nyumbani zisizolipwa ziliachwa nje.

Utaratibu huo ulirekebishwa mwaka 1993, ukaweka wazi kwamba kuteka maji na kukusanya kuni ni uzalishaji. Kupika, kufua na kulea watoto bila malipo bado viko nje ya hesabu kuu. Nchini mwetu, Ofisi ya Taifa ya Takwimu katika utafiti wa nguvu kazi wa mwaka 2006 iliwauliza watu jinsi wanavyotumia saa 24 za siku. Hii ni hatua njema, maana serikali haiwezi kupanga vizuri juu ya kitu ambacho haikukihesabu. Kisima kikichimbwa karibu, mama anaokoa saa mbili. Mwenye daftari lisilo na saa za mama atasema kisima hakikuleta faida yoyote.

HISABATI ISIWATISHE

Wasichana wengi huogopa hisabati kwa sababu waliambiwa wangali wadogo kwamba si yao. Tuwape mfano wa Elinor Ostrom wa Marekani. Alipokuwa sekondari hakuhimizwa kusoma hisabati za juu, kwa kuwa alikuwa msichana. Alipoomba kusoma shahada ya udaktari wa uchumi, alikataliwa kwa sababu hisabati zake hazikutosha. Akasoma sayansi ya siasa, akamaliza mwaka 1965, na akatumia maisha yake kuchunguza jinsi wanakijiji wanavyotunza pamoja misitu, mifereji na maeneo ya uvuvi. Mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupewa Tuzo ya Nobel ya uchumi.

Ostrom alipita mlango mwingine akafika. Hata hivyo tusiwafungie mabinti mlango kwa makusudi. Kwa hiyo binti aliye kidato cha pili au cha tatu asiitupe hisabati. Mama asiyejua kumsaidia amwulize tu kila jioni, "Leo mwalimu wa hisabati kawafundisha nini?" Mtoto akiulizwa kila siku hujua kwamba jambo hilo lina maana nyumbani kwao.

KABLA YA KUJAZA FOMU

Mzazi na binti wakae pamoja wayatazame mambo haya:

1. Masomo ya kidato cha tano na sita. Michepuo yenye uchumi, kama EGM na HGE, humwandaa vizuri. Vyuo vingi pia hutaka ufaulu fulani wa hisabati. Soma masharti ya kila chuo katika mwongozo unaotolewa kila mwaka na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Usitegemee maneno ya mitaani.

2. Jina la shahada. Uchumi na sera za jamii kama shahada moja hupatikana zaidi katika vyuo vya Uingereza. Hapa nchini mwanafunzi mara nyingi huchukua uchumi, au sosholojia, au mipango ya maendeleo, au ustawi wa jamii, kisha huchagua masomo ya ziada kutoka upande mwingine. Uchumi unafundishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Dodoma, Mzumbe na Mtakatifu Augustino kule Mwanza, pamoja na vinginevyo. Taasisi ya Ustawi wa Jamii iko Dar es Salaam, na Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini kiko Dodoma.

3. Fedha. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Maombi yanahitaji vyeti, kikiwemo cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa, na kwa yatima, cheti cha kifo cha mzazi. Familia nyingi huanza kuvitafuta vyeti wiki ya mwisho. Anzeni mapema. Tena binti aelewe kwamba huu ni mkopo. Akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi mpaka deni liishe.

4. Kwa mama anayetamani kusoma yeye mwenyewe. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, na mtu husoma akiwa kwake, akiendelea na kazi na malezi. Hujachelewa.

JE, ATAPATA KAZI?

Tuseme kweli. Shahada peke yake haimpi mtu kazi siku ya mahafali. Wako vijana wenye shahada ya uchumi waliokaa nyumbani miaka kadhaa wakiandika barua za maombi. Mzazi anayeuza shamba lote kwa matumaini kwamba mshahara utaanza mara moja anajitwisha mzigo mkubwa.

Lakini milango ipo. Halmashauri zina wachumi, maofisa mipango na maofisa maendeleo ya jamii. Wizara, Benki Kuu, Ofisi ya Taifa ya Takwimu, mifuko ya hifadhi ya jamii, mabenki na mashirika ya maendeleo huajiri watu wa masomo haya. Dayosisi na makanisa yetu yana shule, hospitali na miradi ambayo mara nyingi hukwama kwa kukosa mtu wa kupanga na kuandika taarifa inayoeleweka. Tunamshauri binti ajitolee wakati wa likizo: aweke vitabu vya kikundi cha kuweka na kukopa, asaidie kamati ya maji, ahoji watu katika utafiti. Mwajiri hutaka kujua mtu amefanya nini, na likizo ndiyo nafasi ya kwanza ya kufanya.

TUWAGAWIE WATOTO KWA HAKI

Tumalizie na jambo lililo zito zaidi, kwa kuwa liko ndani ya nyumba zetu. Fedha ikitosha mtoto mmoja, na wapo wawili waliofaulu, kijana wa kiume na binti, nani aende? Katika koo nyingi jibu limekuwa tayari kabla swali halijaulizwa. Kijana ataendeleza jina, binti ataolewa. Na binti ananyamaza, kwa sababu amelelewa kunyamaza.

Hatusemi kwamba binti atangulizwe kwa kuwa ni binti. Tunasema kikao kiitwe, na binti naye awepo. Alama za wote wawili ziwekwe mezani. Waulizwe wote wanataka nini. Itazamwe nani anaweza kupata mkopo, nani anaweza kusubiri mwaka mmoja bila mlango wake kufungwa, na yule atakayetangulia atamsaidiaje mwenzake. Ahadi hiyo iandikwe, na baba na mama waweke sahihi. Msifanye jambo hilo kwa minong'ono jikoni usiku.

Mtakapofanya hivyo mtakuwa mmetimiza, kwa familia moja, kazi ile ile ya watu saba wa Matendo ya Mitume: kugawa kidogo kilichopo bila kumsahau mtu. Na kama mwisho wa kikao ni zamu ya binti, naye amechagua uchumi na sera za jamii, msimuulize tena ataitwa nani. Mwulizeni akimaliza atamtafuta nani aliyesahauliwa, kisha mpigeni magoti pamoja mumwombee.